Papa Shilingi na Pumzi Niliyoibana

Siku niliyotaka kupasuka kifua kwa ubishi wangu naikumbuka mpaka leso niliyojifunga, wanangu. Chekeni tu. Nyie wasichana mnaojifunza kuzamia na mitungi ya hewa nawasikia mkifundishwa, "Ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu," vichwa juu chini kama kuku anywaye maji. Nami nilikuwa kuku hivyo hivyo.

Nilikuwa mpishi kwenye boti ya wazamiaji, hapa hapa Mkwiro. Wanawake wenzangu walitafuta pweza kwa miguu maji yakitoka, lakini mie nilizamia kama wanaume, nikabana pumzi hata walio juu wakataka kunisomea khitma.

Msimu huo akaonekana papa shilingi upande wa Kisite. Samaki mkubwa kama basi, mgongoni madoa tele utadhani kamwagiwa sarafu, wala hamng'ati mtu. Wageni wanavuka bahari kuja kumwona, na mie hapa nawakaangia viazi! Nikamganda mjomba Kombo, mwalimu wao, mpaka akachoka, akanifundisha.

Mjomba alikuwa akisemea puani, polepole, kama anatafuna mkate mkavu: "Mwanasha. Ukiwa na mtungi. Usibane pumzi. Vuta, toa. Umesikia?"

"Ndiyo mjomba." Moyoni nasema, huyu mzee ataniambia nini mie kuhusu pumzi? Nilitaka nirudi na mtungi bado umejaa hewa, wale wageni wa Kijerumani waone haya.

Tukazama. Wenzangu mapovu pu-pu-pu. Mie kimya, najiona malkia. Mara kikatanda kivuli juu yetu. Ndiye! Hamu ikanishika, nikaanza kupanda, kifua nimekifunga kama kasha. Mjomba akanidaka mguu, akanitia ngumi ya tumbo, mapovu yakanitoka kama sufuria ya wali inayofurika. Akanipandisha taratibu, na papa shilingi akapita zake, sikumwona hata mkia.

Botini, bibi mmoja wa Kijerumani kanikumbatia, analia: "Mwanasha! Wewe karibu kufa! Sasa nani pika samaki?"

Mjomba hakucheka. "Ulishuka kumwona samaki, au ulishuka uonwe wewe? Dada yangu ningemwambia nini, mwanawe amekufa kwa ubahili wa hewa?"

Nikamwuliza, "Kwani nikizamia pweza mbona sipasuki?"

"Ile pumzi umeshuka nayo kutoka juu, ukirudi nayo inakuwa vile vile. Ya mtungi umeivuta chini, bahari imeikandamiza. Ukipanda nayo inafura, haina pa kutokea, kifua kinapasuka." Akanitazama. "Swali hilo mbona hukuuliza asubuhi?"

Nikarudi kumenya viazi, wanangu. Mie!

Wageni walibakiza siku moja tu, na papa hana miadi na mtu. Msiulize nilivyomsumbua mjomba. Mwishowe akasema, "Utashuka. Lakini utaimba. Ukinyamaza tu, nakupandisha." Maana anayeimba habani pumzi.

Basi nikashuka na mpira wa hewa mdomoni, mmm-mmm-mmm, nyimbo za harusi zote ninazozijua. Nikamwozesha bi harusi wa kwanza, nikamwozesha wa pili. Wa tatu yuko njiani, papa huyo akaja! Mdomo wazi kama mlango wa ghala, kijicho kidogo kama kifungo cha shati. Akapita karibu nami, akapita, akapita, haishi! Wala wimbo sikuukata. Nikageuka kumwangalia mjomba: mzee wa watu anatikisa mabega, anacheza harusi yangu.

Nikapanda naye taratibu, naimba mpaka juu.

Basi sikilizeni. Jambo mnalolijua sana ndilo litakalowaponza mahali papya, kwa sababu hapo ndipo masikio huziba. Mkifundishwa msiitikie upesi. Ulizeni kwa nini, hata kama mtaonekana wajinga mbele ya wageni. Ujinga wa dakika moja haumzamishi mtu. Na mkishuka, shukeni kwa ajili ya kile mlichokwenda kukiona, si kwa ajili ya macho ya watu.

Mola awatangulie huko chini, awaonyeshe makubwa ya uumbaji wake, kisha awarudishe kwa mama zenu mkiwa wazima na maneno mengi ya kusimulia. Amin, wanangu.