Nilivyokuwa Dada wa Bibi Yangu

Kwetu mtoto mchanga halii bure. Akilia, watampa ziwa. Akiendelea, watamtafutia dawa ya tumbo. Akizidi, wanawake wa ukoo wanakaa mkekani na kuanza kumtajia marehemu mmoja mmoja, na jina atakalonyamazia ndilo lake. Mimi, kwa maelezo ya mama, nililia mpaka majirani wetu wa Mwisenge, pale Musoma, wakaanza kumwonea baba huruma. Walitaja marehemu wa upande huu na wa upande ule, nikapiga kelele vilevile. Ndipo bibi, mama yake baba, akataja jina la dada yake aliyefia Kenya. Nikanyamaza. Mama husema nilinyamaza kwa sababu saa ileile alinipachika ziwa. Bibi hakuwahi kuyakubali maelezo hayo.

Jina lenyewe sitaliandika hapa. Waliolibeba hawapendi kutajwatajwa hovyo, na mimi ni mmoja wao.

Bibi aliishi Manyamanyama, Bunda, alikoolewa, akilima pamba. Kila likizo baba alinipandisha basi kutoka Musoma, na bibi alinipokea kwa namna moja tu: "Dada umefika?" Kisha ananipa kigoda, yeye mwenyewe anakaa chini. Akipika sato, kichwa kilikuwa changu, na kwetu kichwa cha samaki hapewi kila mtu. Binamu zangu wote walikuwa wajukuu. Mimi peke yangu nilikuwa dada. Nikigombana nao, bibi alikuwa akitoka jikoni na mwiko mkononi: "Nani anamsumbua dada yangu?" Niseme ukweli, sikuwa na sifa nyingine. Mdogo wangu alinizidi sura, darasani nilikuwa wa katikati, na mbio sikuziweza. Nilikuwa na jina, basi.

Na jina lenyewe lilikuwa na wakubwa wake. Tulipokuwa tukichambua pamba, safi huku, fifi, ile chafu, kule, bibi alinisimulia walionitangulia. Wa zamani kabisa ndiye aliyeficha mbegu za mtama ndani ya nywele zake njaa ilipowahamisha watu. Walipofika upande wa Butiama akakaa juu ya jiwe wakamchambua kichwa, mbegu baada ya mbegu, wakapanda. Mwingine, wakati wa Mjerumani, alimmwagia uji wa moto miguuni askari aliyekuja kudai kodi, halafu akamwonea huruma, akampaka samli kwa mkono wake. Mwingine alikuwa wa kwanza kijijini kubatizwa na wa kwanza kutoroka misheni, maana mapadri walimkataza ngoma. Wa mwisho alikuwa dada yake bibi. Huyo alijifunza cherehani wakati wanawake wengine waliiogopa, akaolewa na fundi, wakavuka mpaka kwenda Kenya na cherehani yao.

Mimi nilidhani wote hao ni mtu mmoja aliyeishi muda mrefu mno, na kwamba sasa zamu imenifikia. Hata redioni, jina likitajwa nilisimama. Akitajwa muuguzi aliyesifiwa kwa kazi, ni mimi. Akitajwa mchezaji wa netiboli wa mkoa, ni mimi pia. Siku moja lilisomwa kwenye matangazo ya vifo. Baba akapunguza sauti ya redio, akanitazama kwa huzuni ya kujitia. "Leo umefariki Tarime," akasema. "Pole sana."

Hiyo ilikuwa miaka ya shida. Dukani kulikuwa na rafu na mwuza duka, basi. Sukari tulipanga foleni kwenye duka la kaya, na mara nyingine foleni iliisha kabla sukari haijafika. Nguo tulifulia majani ya mpapai. Mpaka na Kenya ulikuwa umefungwa, na kilichovuka kilivuka kwa magendo, habari zikiwemo. Ndivyo bibi alivyopata habari za msiba wa dada yake. Mtu mmoja aliyekuwa akivusha sabuni kichakani alipita Bunda akasema fulani amekufa huko, akataja jina na mji. Hakukuwa na njia ya kwenda kuzika. Walikaa matanga bila maiti, wakanyoa nywele, wakamlilia wakamaliza. Mwaka huohuo nikazaliwa mimi na kelele zangu.

Kisha mpaka ulifunguliwa.

Nilikuwa nimeanza shule, na ilikuwa likizo ya mavuno. Bibi na mimi tulikuwa uwanjani na rundo la pamba kati yetu. Alasiri ile akaja mwanamke kutoka upande wa barabara, mrefu, amejifunga kitenge kipya, na begi kubwa kichwani. Alikuwa anacheka tangu mbali. Bibi aliinua macho, akapiga ukelele, akasimama na pamba ikamwagika kutoka mapajani.

"Simama hapohapo! Usikanyage uwanja wangu! Wewe ni nani?"

"Wee, umezeeka macho?" mgeni akasema, akataja jina lake.

"Abee!" nikaitikia mimi, nikitokeza nyuma ya rundo, pamba imenijaa nywele. Nilifundishwa kuitika nikiitwa.

Wote wawili wakanigeukia. "Na huyu ni nani?" mgeni akauliza.

Bibi akanibandua pamba nyweleni. "Huyo ni wewe," akasema.

Ilibidi aelezwe palepale alipo, kwa sauti ya kupaza, maana bibi hakumruhusu kusogea. Mwanamke yule aliweka begi chini akalikalia. Alisikiliza kifo chake chote, na matanga, na kunyoa.

"Kumbe ni yule!" akasema mwishowe. "Mke wa mwashi. Tulikuwaga na jina moja, yeye na mimi, mtaa mmoja. Ni mimi nilimzika! Nilisonga ugali wa msiba wake mpaka mikono ikavimba. Na nyie huku mlikuwaga mnanililia mimi?"

"Tulilia sana."

"Nani alilia kuzidi wenzake?"

"Mimi," bibi akasema.

"Haya," akasema dada yake, akaanza kujifuta macho kwa pindo la kitenge.

Kwetu mtu aliyekwisha kuliliwa haingii nyumbani kwa mlango kama aliyetoka sokoni. Lazima wakubwa wa ukoo wake wamkubali kwanza. Kwa hiyo alilazwa kwenye kibanda cha pamba, na bibi akatuma ujumbe Butiama, walikozaliwa wote wawili. Alikuwa akimpelekea chakula na kuketi hatua chache kutoka kwake, wakipiga soga na kucheka vicheko ambavyo sikuwahi kumsikia bibi akicheka. Alikuwa akimwita dada. Mara ya kwanza nilipoisikia sauti ile, "Dada!", niliacha mchezo nikakimbia. Bibi akanipungia mkono nirudi. "Si wewe, mtoto."

Mtoto! Jioni ile kichwa cha sato kilikwenda kibandani. Na kigoda kilikwenda. Nilimchukia mwanamke yule kwa moyo wangu wote. Alileta sabuni ya kuogea yenye harufu nzuri, binamu zangu wakawa wanainusa mmoja mmoja kama maua. Mimi nilikataa hata kuishika. Wao nao hawakunihurumia. "Umekwisha," wakaniambia. "Jina linarudi kwa mwenyewe." Nilijiuliza nitakuwa nani. Mjukuu mmoja kati ya wajukuu, wa katikati darasani, asiye na mbegu kichwani wala uji wa moto. Nililia, na safari hii hakuna aliyekuja na mkeka.

Baba alikuja kutoka Musoma, tukapanda lori la pamba, tukashukia Makutano na kuendelea kwa miguu hadi Butiama. Dada yake bibi alitembea nyuma yetu sote, peke yake, bado hajaruhusiwa kuchanganyika. Nakumbuka aliimba njia nzima.

Kikao kilifanyika nje ya zizi, na mwenye neno alikuwa shangazi yao mkuu, bibi kizee aliyebakiwa na meno machache na maneno mengi. Mbuzi alichinjwa, mgeni akanyolewa na kunawishwa, hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa mimi.

"Jina la marehemu," shangazi mkuu akasema, "halina marehemu anayekula ugali. Wawili hawawezi kuwa nalo. Mmoja aliache."

"Mwanangu ana jina la ubatizo," baba akasema upesi. "Linamtosha."

Watu wakaafiki. Nilimtazama bibi aseme neno, naye alikuwa anatazama chini. Sikumlaumu baadaye, lakini siku ile nilimlaumu. Angesemaje? Kumtetea mmoja kulikuwa kumnyang'anya mwingine.

Ndipo mwenye jina akaniita. Kichwa chake kilikuwa kimetoka kunyolewa, kinang'aa. "Njoo hapa, wewe. Unalitaka?"

"Nalitaka."

"La nini?"

Nilikuwa nimepanga kusema habari za mtama, na za askari, na za misheni. Yote yalinitoka. Nikasema, "Bibi ananiitaga dada."

Hakuna aliyecheka. Bibi alifunika uso kwa mikono. Dada yake alimtazama kwa muda mrefu, akanitazama mimi, kisha akajipigapiga magoti kama mtu anayejiandaa kuinuka.

"Basi mimi ndiye wa kuacha," akasema. "Nyie ndio mlinizika. Nizaeni tena."

Shangazi mkuu alishangaa, halafu akacheka mpaka akakohoa. Wakatandika ngozi. Mwanamke mzima, mrefu vile, akaketi katikati amekunja miguu, na wanawake wakamzunguka wakaanza kumtajia marehemu. Naye akaangua kilio cha kitoto, "Ngaa! Ngaa!" Wakataja jina la bibi mmoja mchoyo, akarusha miguu. Wakataja la mwingine aliyeshindikana kwa umbea, akalia kuzidi, hata baba aliyekuwa amekasirika akageuka pembeni kuficha kicheko. Mwisho wakataja jina la mama yao, mama yao yeye na bibi. Akanyamaza. Nilikuwa karibu, nikaona kwamba kwa jina hilo machozi yake yalikuwa ya kweli.

Tangu siku ile bibi alilazimika kumwita dada yake "mama". Na huyo mama aliitumia nafasi yake bila aibu. "Binti yangu, niletee maji ya kunywa." "Binti yangu, hujanipikia?" Bibi alikuwa akinung'unika, lakini akileta maji aliyaleta kwa mikono miwili. Mimi nilirudishiwa kigoda. Kichwa cha sato tuligawana.

Alibaki Bunda, maana mumewe fundi alikuwa amekwisha kufa huko Kenya, na cherehani akaifuata baadaye. Ulipokuja wakati wa ruksa, rafu za maduka zikajaa na mitumba ikamwagwa chini sokoni, alikuwa akifuata vitenge Sirari, mpakani, na kuviuza siku za gulio, na cherehani yake ikifanya kazi kibarazani kwa bibi. Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi baba pale Musoma kilififia, na siku moja baba alirudi nyumbani asubuhi, akakaa. Sare zangu za sekondari zilishonwa na yule mwanamke. Kila akinipima mabega alikuwa akinong'ona, "Unalitunza?" Nami nikajibu, "Nalitunza, bibi." Nilimpenda sana. Nasema hivyo kwa sababu sikumwambia, na najua alijua.

Alipofariki nilikuwa mwalimu. Safari hii maiti ilikuwepo, tukaipeleka Butiama. Seremala aliyetengeneza msalaba akaja kuuliza aandike nini. Jina la kupewa kwenye ngozi lilikuwa la marehemu mwingine, na kaburi lake lilikuwa palepale, hatua chache kutoka shimo jipya. Jina la kwanza lilikuwa langu.

"Andika la kwanza," nikasema.

Mjomba mmoja akanivuta kando. "Utaweza kulisoma pale juu na wewe u hai?"

Nilisema nitaweza, na haikuwa kweli kabisa. Kaburi lilipokwisha kufukiwa na msalaba kusimikwa, nililisoma kwa rangi nyeupe ambayo haijakauka vizuri, herufi zote, nikarudi nyuma hatua moja. Nilimfikiria mke wa mwashi huko Kenya, aliyekufa kwanza kwa ajili yetu bila kutujua, na yule mwenye mbegu, na mwenye uji. Nikalia kama nilivyolia kule Bunda alipokuja mwenye jina, ila sasa nilikuwa namlilia yeye.

Watu walianza kuondoka. Bibi alibaki, mdogo kuliko nilivyomzoea, ameegemea fimbo. Aliutazama msalaba, ingawa kusoma hakujua. Kisha akanyoosha mkono akaushika wangu.

"Dada," akasema, "twende nyumbani."