Kopo la Kitovu Changu

Sifa njema ni za Mola, aliyetupa umri wa kukumbuka.

Majuzi, hapa Riyadh, kitovu cha kitukuu changu kilidondoka, na mama yake akaniuliza, "Babu, tukizike wapi?" Nikaikumbuka alasiri moja ya utotoni, Jidda, mtaa wa Al-Mahjar.

Bibi yangu, aliyehamia huko kutoka Unguja, alikuwa anachimba kando ya ukuta. Udongo mkavu ulinukia maji aliyoumwagia. Baba alitaka kitovu cha mdogo wangu kizikwe hapo. Changu, Bibi alikihifadhi koponi tangu nilipozaliwa, akingoja siku ya kurudi kwao akizike huko. Mimi nikaangua kilio.

"We mtoto, nani kakufinya?"

"Kitovu changu kikienda Unguja, nami nitapelekwa! Mtoto atabaki na mama!"

Bibi alicheka mpaka kanga ikamvuka kichwani. Kisha akainuka, akaingia ndani. Akalileta kopo, akachimba shimo la pili, akalifukia polepole huku akijifuta macho. Nikadhani ni vumbi. Leo najua kuwa alikuwa akiiaga Unguja.

Mola amrehemu. Nawe unayesoma, akujaalie mtu wa kukupenda kuliko anavyopenda kwao.