Nyota za Ukutani

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, kwenye karakana ya kushona sare za shule pale Shauri Moyo. Nilikuwa kijana mwenye haya. Hata salamu niliijibu nikitazama chini.

Wiki hiyo msimamizi alikuwa amebandika ubao wa nyota. Ukimaliza kaptura ishirini, unapata nyota. Atakayekuwa wa mwisho Jumamosi, Jumatatu asirudi. Mchezo ule ulinipendeza mno! Mimi nisiyejua kujisemea, nyota zilinisemea. Kamau wa meza ya nyuma akawa ananiita, "Niaje, bingwa!" nami nacheka peke yangu.

Kando yangu alishona Mama Achieng, ambaye macho yake yalikuwa yamechoka. Desturi yetu ilikuwa kijana amtungie jirani mkubwa uzi kwenye sindano ya cherehani kila unapokatika.

"Kijana wangu, nitungie."

"Ngoja kidogo, mama."

Akangoja wiki nzima. Nyota zake zikabaki mbili.

Jumamosi asubuhi kaptura zangu zikarudishwa kutoka shuleni, gunia zima. Kwa ile haraka, mishono ilifumuka kwa kuvutwa kidogo tu. Mama Achieng akaacha kazi yake, akavuta kiti, akaanza kufumua pamoja nami ili nishone upya.

"Nyota zako nzuri," akasema, "lakini mtoto akiinama darasani kaptura ipasuke, nyota itamsitiri?"

"Na wewe, mama? Utakuwa wa mwisho."

"Kwani sijui kuhesabu? Fumua."

Jioni, msimamizi alipotaka kutaja jina la Mama Achieng kuwa wa mwisho, nilisimama.

"Toa zangu," nikasema. "Kazi yangu ilirudishwa. Na mama alichelewa kwa sababu nilimnyima uzi."

Akazibandua zote. Wa mwisho nikawa mimi.

Nilikaa nyumbani wiki mbili. Kisha Mama Achieng akabisha mlangoni. "Vaa viatu, twende. Nimemwambia msimamizi sina wa kunitungia uzi." Ubao ulikuwa bado ukutani, ila sasa meza nzima ilipata nyota kwa pamoja.

Juzi uliniletea daftari lenye nyota tatu, mwanangu, nami nikafurahi kuliko wewe. Zitafute, zinatia moyo, hata mimi zilinifundisha kuamka mapema. Lakini kazi yako iwe imara hata pasipo nyota, na kabla ya kukimbilia nyingine, mtazame aliye kando yako kama uzi wake umekatika.

Mungu akupe mikono yenye bidii, na jirani wa kukubishia mlango siku utakapokosea.