Mizunguko Sabini na Minane

Mwanzoni mwa miaka ya tisini meneja mmoja wa shamba la chai alistaafu, na kabla ya kurudi kwao Ulaya aliuza vitu vya nyumba yake kwenye nyasi, mbele ya varanda. Mafundi wenzangu wa kiwanda cha chai walinunua makochi na sufuria. Mimi nilinunua gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na sanduku la santuri nzito, zile zinazovunjika kama sahani zikianguka.

Nyingi zilikuwa za bendi kubwa za dansi za zamani: safu nzima ya tarumbeta na saksafoni, na mwanamke mmoja mbele yao. Muziki sikuusomea popote. Nilisikiliza nikiandika katika daftari. Niliona kwamba wanawake hao walipewa nafasi ndogo. Bendi ilipiga wimbo mzima bila maneno, ndipo mwimbaji akaingia, akaimba mara moja, akanyamaza, na bendi ikamaliza. Kwenye lebo jina la kiongozi wa bendi lilikuwa kubwa. La mwanamke lilikuwa dogo, chini, na mara nyingine halikuwepo kabisa. Niliandika pia kwamba karibu wote walikuwa na sauti nzito na waliimba polepole, kama watu waliofiwa. Juu ya jambo hilo nilijaza kurasa nne.

Ovaroli zangu za kazi zilishonwa katika mji mdogo wa Chepilat na mama mmoja mjane, ambaye yeye na mumewe walikuja kutoka Nyeri kufanya biashara. Siku moja nilimsimulia habari za santuri zangu. Bila kuinua macho kwenye cherehani, akasema kwamba miaka michache kabla ya uhuru aliimba na bendi ya dansi Nairobi, wakarekodi santuri moja. Alikuwa nayo bado, ila hakuwa na kitu cha kuipigia. Watoto wake hawakumwamini, na aliyemuuma zaidi ni binti yake mwalimu.

"Akitaka kunichokoza mbele ya wageni, ananiita superstar," alisema. "Na hiyo lebo ina jina la mwenye bendi peke yake. Sasa nitamwonyesha nini, fundi?"

Jumamosi iliyofuata, mchana, walikuja nyumbani kwangu Mogogosiek, yeye na huyo binti. Santuri ilikuwa imefungwa kwa kanga. Nikaifuta, nikazungusha mkono wa gramafoni, nikaweka sindano. Bendi ikapiga kwa muda, kisha sauti ikaingia, nzito, ikijivuta.

Binti akacheka hadi akashika meza. "Maitu!" akamwita mama yake kwa Kikuyu. "Huyo ni mzee anaumwa na jino!"

Mama hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akaanza kuikunja ile kanga.

"Pengine nimesahau," alisema. "Ni miaka mingi. Pengine siku hiyo aliimba mwingine."

Nilimwomba aimbe mstari wa kwanza tu. Alikataa, kisha akauimba akitazama ukuta. Sauti yake ilikuwa imechoka, lakini ilikuwa juu ya ile ya santuri, tena kwa mbali. Hapo nikasita. Sauti ya mtu hushuka kadiri anavyozeeka. Yake ilikuwa imepanda.

Kiwandani kazi yangu ya kila asubuhi ilikuwa kupima mwendo wa mashine za kusaga majani. Gramafoni yangu sikuwahi kuipima hata mara moja. Nikabandika kipande cha karatasi nyeupe ukingoni mwa santuri, nikamwomba mwalimu ashike saa yake na kuhesabu kila karatasi inapopita.

"Sitini na saba," alisema dakika ilipoisha.

Santuri za aina hiyo hutakiwa kuzunguka mara sabini na nane kwa dakika; zikienda polepole, sauti hushuka. Nikaifungua mashine. Grisi ya zamani ilikuwa imeganda kama nta. Nilipokuwa nikiisafisha kwa mafuta ya taa nilizikumbuka kurasa zangu nne. Uzito na majonzi niliyowapa wanawake wale wote yalikuwa grisi yangu. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa karibu kuniambia, "Mimi siimbi hivyo."

Nikatia oili nyepesi, nikageuza skrubu ya mwendo kidogo kidogo. Mwalimu akahesabu tena, mara tatu, mpaka akafika sabini na nane. Hakuwa akicheka tena. Alikuwa akitaka hesabu itimie.

Safari hii bendi ilitoka mbio. Mama akainua kidole.

"Ngojeni. Sasa mwenye tarumbeta ataingia kabla yangu. Alikuwa na haraka, huyo!"

Tarumbeta ikaingia, mapema kweli, na nyuma yake sauti ya msichana, nyepesi, yenye kujiamini. Midomo ya mama ilienda nayo neno kwa neno. Binti hakuitazama gramafoni. Alikuwa akiitazama midomo hiyo.

Sindano ilipofika mwisho niliiinua.

"Ulikuwa umevaa nini?" mwalimu aliuliza.

"Sweta ya kuazima," mama alisema. "Na miguu mitupu. Viatu vyangu vilikuwa vinagonga sakafu, wakaniambia mashine inavisikia, nikavivua. Simiti ilikuwa baridi, wee! Ndiyo maana mstari wa mwisho nimeuharakisha. Hukusikia?"

"Sikusikia," binti alisema, akavuta kiti chake karibu. "Fundi, hebu turudishie hapo mwisho."