Kikombe cha Mzee Lindholm

Ukifika kwa Leokadia, pale mtaa wa Husby, Stockholm, kahawa utajimiminia mwenyewe. Birika liko mezani, vikombe viko mezani, na mwenye nyumba katulia kwenye kiti. Watanzania wenzake wamemsema mpaka wamechoka. "Dada Leokadia, Sweden imekuharibu," Boniface humtania. Yeye hucheka tu. Laiti ingemharibu mapema!

Alikuja Stockholm mwaka 1969 na shahada yake ya sheria, akaajiriwa katika ofisi ya mawakili. Wanasheria wanawake walikuwa watatu. Waliandaa kesi kutwa kucha, kisha wanaume wakaenda kuzitetea mahakamani. Na kila Ijumaa, kwenye kikao cha ofisi, wanawake ndio waliomimina kahawa.

Gunvor, rafiki yake wa meza ya jirani, alikuwa katika kikundi cha wanasheria wanawake wa mjini waliodai haki sawa. Mwaka 1973 aliandika barua: nao wapewe kesi zao wenyewe. Wote watatu wakatia saini. Wakaapa kwamba Ijumaa itakayofuata hakuna atakayegusa birika. Wakubwa wakiuliza kulikoni, Gunvor atasimama aisome.

Siku ikafika. Birika likakaa mezani bila kuguswa. Mzee Lindholm, mwenye ofisi, nywele nyeupe pe, aliinua kikombe kitupu. Akamtazama Leokadia. Sasa mtoto aliyelelewa Bukoba ataachaje mzee akae na kikombe kitupu mbele za watu? Alijikuta amesimama. Akamimina, na magoti akakunja kidogo, kama alivyofundishwa na mama yake.

"Nilidhani leo mmegoma!" mzee akasema. Wanaume wakacheka.

Gunvor alifungua mkoba wenye ile barua, akaufunga. Angesema kwa niaba ya nani, na mmoja wao ameshika birika? Majuto ni mjukuu, lakini ya Leokadia yalizaliwa palepale. Alitaka kuomba radhi jioni ile, akasema kesho, na kesho ikawa keshokutwa. Majira ya kuchipua Gunvor akaacha kazi, akahamia kaskazini.

Leokadia alisimama mahakamani mara ya kwanza mwaka 1978, akashinda. Aligeuka kumtafuta mtu mmoja tu, na hakuwepo.

Juzi Boniface alimuuliza bila utani, "Kwani dada, kummiminia mgeni kuna ubaya gani?"

"Nilimmiminia mzee mmoja," Leokadia akasema, "nikampoteza rafiki. Nilipokusanya vikombe, kahawa ya yule mzee ilikuwa vilevile. Hakuonja hata funda."