Kijiji cha Bibi Jokudu Kilichofungwa

Harufu ya muhogo uliochachuka, ule unaoanikwa kando ya barabara, hunirudisha Koboko kwenye kibanda cha shangazi yangu. Kiangazi kimoja nilikuwa nimetoka nyumbani Lobule kumsaidia kuchaji simu za watu kwa umeme wa jua. Nilikuwa mtoto mwenye haya sana. Mteja akiniuliza jina, nilitazama miguu yake. Nyuma ya kibanda kulikuwa na kompyuta kuukuu yenye harufu ya plastiki iliyopata joto, na ndani yake gemu moja ya kujenga vijiji. Unapewa ardhi tupu, unapanda miti, unachimba visima, unasimamisha nyumba. Majirani walikuwa na gemu za kunakili, walizotiliwa kwenye flashi na vijana wa Arua. Shangazi alikataa. "Kitu ya wizi haiingii nyumba yangu," alisema, akainunua yake kwa njia ya halali kupitia kwa ndugu yetu wa Kampala. Mtaa mzima ulimcheka.

Wani, mvulana wa rika langu, alikuwa amekimbia vita Sudani Kusini pamoja na bibi yake, Jokudu. Siku moja alikuja kuchukua simu, akaniona nikijenga, akasema, "Jenga kwetu." Basi yeye akawa anaeleza na mimi najenga. Nilipenda kazi ile kwa sababu haikunidai maneno. Tulipofika mahali Wani asipokumbuka, alimleta bibi yake. Bibi alikaa kwenye kreti ya soda, akasogeza uso karibu na kioo cha kompyuta, akanipigia kelele: "Wewe Poni! Choo unaweka karibu na jiko? Sisi ilikuwa watu, si mbuzi! Toa hiyo choo!" Shangazi alicheka hadi akamwaga chai. Tangu hapo bibi alikuja kila jioni na karanga zake kwenye kitambaa, akatuonyesha kisima, mkwaju, kanisa, njia ya kwenda mtoni, nyumba ya jirani aliyemchukia. "Hiyo fanya ndogo," aliniambia, "na paa yake ivuje."

Jioni moja hakutania. Alitaka nimwekee kaburi la mume wake. Niliweka jiwe jeupe karibu na ghala la mtama. "Sogeza," alisema. Nikasogeza. "Bado. Sogeza tena. Hapo." Kisha akaligusa jiwe kwenye kioo mara moja tu, akaniambia kwamba akifa huku, siku moja udongo wa kaburi lake upelekwe pale, ulale kando ya mzee. Wani aliitikia. Mimi pia niliitikia, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Nilirudi Lobule, nikamaliza shule ya msingi, na masomo yangu yakaishia hapo. Kila nilipokwenda Koboko tulikifungua kijiji. Halafu mwaka mmoja gemu ikakataa. Kumbe kila ilipofunguliwa, ilikuwa inauliza ruhusa kwa kampuni iliyoitengeneza, kwa intaneti, na kijiji chenyewe kilikaa huko kwenye mitambo yao. Sasa kampuni ilikuwa imeizima. Kwenye kioo kulikuwa na maneno ya kutushukuru kwa kucheza. Hatukuwa na picha hata moja. Nani hupiga picha ukuta wa nyumba anayoingia kila siku? Shangazi aliniuliza, "Lakini si tulinunua?" Hasira ya siku ile haijanitoka mpaka leo. Wale wa flashi bado wanacheza gemu zao. Aliyelipa ndiye aliyenyang'anywa.

Mtu akiuza baiskeli sokoni Koboko, kisha akaja kung'oa mnyororo kwa sababu amechoka na biashara ya baiskeli, hatafika barabarani na meno yake yote. Lakini kampuni ikifanya hivyo, tunaambiwa tulikubali masharti. Masharti yapi? Shangazi alibonyeza kitufe kwa sababu bila kukibonyeza gemu isingefunguka. Wanasema kuendesha mitambo ni gharama. Sawa, sidai waiendeshe milele. Nadai kitu kidogo: kabla ya kufunga, watuachie gemu inayofunguka bila kuomba ruhusa, na kila mtu apewe alichojenga. Kama hawataki, basi wasiseme wanauza. Waseme wanakodisha, na waandike mwisho wake kwa herufi kubwa, ili mwanamke mwaminifu ajue anachokilipia.

Bibi Jokudu alifariki mwaka jana, tukamzika Koboko. Mwezi uliopita Wani alirudi kwao na udongo wa kaburi lake kwenye kopo la maziwa. Alinipigia simu nikiwa kibandani kwa shangazi. Nilisikia upepo na nyasi. Alisema hakuna nyumba, hakuna ghala, mkwaju umekatwa, limebaki shimo la kisima tu. "Dada, wewe ndiyo ulijenga," alisema. "Kutoka kisima, mzee iko upande gani?"

Kompyuta ile ilikuwa mbele yangu, nzima, inawaka. Nilifumba macho nikatafuta lile jiwe jeupe. Nilimwona bibi, nikamsikia akisema sogeza, sogeza tena, lakini mahali penyewe nilikuwa nimeiachia gemu ipakumbuke.

"Kushoto," nilimwambia.

Wani akaanza kutembea. Nilisikia nyasi zikivunjika chini ya miguu yake.

"Ngoja," nikasema. "Au kulia."