Chumba cha kufulia, na jina ambalo wamama waliliruka

Wakuu, heshima kwenu nyote. Hii si ya kutafuta likes. Naandika vile mambo yalivyotokea nyumbani kwangu hapa Eldoret, na asiyeamini apite tu, sitagombana na mtu.

Mimi ni Mluhya wa Vihiga, nimeolewa na Mkalenjin, tuna mtoto mmoja. Mume wangu ni Kiprop. Tunakaa kwenye nyumba ya marehemu baba yake, upande wa barabara ya Kaptagat. Mama mkwe alihamia shamba lao la kule Ziwa, akatuachia funguo.

Nyuma ya jikoni kuna chumba kidogo, kitanda kikiingia huna pa kugeukia. Nilimuuliza Kiprop ni cha nini, akasema, "Store tu." Kulikuwa na magunia matupu na harufu ya moshi wa zamani. Mimi nikaona laundry.

Mnajua mvua ya huku. Unafua Jumatatu, Alhamisi soksi bado zinanuka ubichi. Na nilikuwa na mimba, nikiwaza nepi.

Nikaita fundi, Wafula, tukaanza kazi. Tiles chini, rangi nyeupe, rafu ya mbao, mashine kwenye kona, bomba la kutoa maji machafu nje, na kamba za kuanikia ndani kwa ndani. Nilijiona kama wale madada wa video za kupanga nyumba. Kilitoka kizuri, sitajifanya mnyenyekevu.

Wafula alilalamikia kitu kimoja tu. Ukuta mmoja ulikuwa na joto.

Jua haliufikii ukuta huo, na jiko liko upande mwingine kabisa. Aliniita niushike. Lilikuwa joto la kitanda ambacho mtu ametoka kulalia sasa hivi. Nikamwambia ni mambo ya simiti. Hakubishana, ila kuanzia siku hiyo alikula lunch yake nje, hata kukinyesha.

Basi akazaliwa msichana, tukamwita Jerop kwa sababu alikuja na mvua. Mama mkwe akaja na wamama wa ukoo kumpa mtoto jina la pili, la ukoo.

Kwa wasiojua: Wakalenjin wakipata mtoto, wamama wanamzunguka wakiita majina ya watu wa ukoo waliokufa, moja moja. Jina likitajwa mtoto akapiga chafya, basi ndilo lake, huyo mtu amerudi. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini niliolewa nikijua, kwa hivyo nilinyamaza nikapika chai.

Waliita, wakaita. Mtoto anawaangalia tu. Mama mmoja akafungua mdomo kutaja mtu, na mama mkwe akamkata jicho hadi akaufunga. Halafu mama mkwe akasogeza ugoro kidogo karibu na pua ya mtoto, akasema, "Tabutany." Hilo ni jina la mama ya marehemu mumewe. Mtoto akapiga chafya, wakapiga vigelegele.

Ugoro si hatia kwao, wengi huutumia. Lakini lile jicho nililiona.

Kuanzia hapo Jerop alikataa kunyonya. Ukimwita Tabutany anakunja mgongo na kulia hadi sauti inakauka. Tulimpeleka hospitali, wakapima kila kitu, hawakupata ugonjwa. Daktari akasema akizidi kupungua kilo watamlaza. Niliogopa kumpoteza, na sioni haya kusema nililia kuliko yeye.

Siku moja niliingia laundry nikiwa nimembeba akilia. Akanyamaza papo hapo. Akaukazia macho ule ukuta, akanyonya. Kidogo, lakini alinyonya. Nikaleta kigoda, nikawa namnyonyeshea humo kati ya mabeseni, na nje ya chumba hicho hagusi titi.

Halafu nguo zikaanza.

Naanika nguo za mtoto, nageukia ugali jikoni, nikirudi nakuta zimegeuzwa ndani nje, zimebanwa na pegs kwenye pindo, shingo chini. Zake tu. Zangu na za Kiprop ziko vile vile. Mara ya kwanza nilisema ni akili ya mama aliyetoka kujifungua, hatulali.

Mara ya pili nilianika kwa makini, nikafunga mlango, funguo nikaweka mfukoni. Kiprop alikuwa kazini. Nikakaa jikoni na mtoto, nikiangalia ule mlango mchana kweupe, mvua ikinyesha. Hakuna aliyepita.

Nilipofungua zilikuwa zimegeuzwa, na moja bado ilikuwa inabembea.

Nilimpigia mama mkwe. Nikamweleza habari ya nguo. Jioni ya mapema akafika kutoka Ziwa bila mursik, na yule mama hajawahi kuja kwangu bila maziwa. Kiprop naye alikuwa ametoka kazini. Mama hakuingia laundry. Alichungulia kutoka mlangoni, akaziona nguo, akajikalia sakafuni.

"Nani alikufunza kuanika hivi?"

"Mama, si mimi."

"Najua si wewe. Hiyo ni kazi ya Tapkigen. Alikuwa anaanika za watoto wangu hivyo, ati jua lisikule rangi."

Tapkigen alikuwa dada ya baba mkwe. Aliolewa, hakupata mtoto, akarudishwa. Akapewa hicho chumba, kitanda chake kikakaa kwenye ule ukuta. Alifua, akabeba mgongoni watoto wote wa mama mkwe, Kiprop akiwa wa mwisho, na akafia humo. Kiprop alikuwa mdogo sana. Alikua akiambiwa ni store.

"Mbona hamkumuita?" nikauliza.

"Tuliogopa mtoto achukue tumbo lake. Wewe ungetaka msichana wako asizae?"

Wakuu, nilikasirika, halafu hasira ikaisha, kwa sababu jibu langu lilikuwa hapana. Singetaka. Ningekuwa kwenye kile kikao na ninajua, hata mimi ningeruka hilo jina. Kiprop akasema turudi hospitali asubuhi. Nikamwambia tutarudi. Lakini niliangalia mkono wa mtoto wangu, ngozi imelegea kwenye mfupa, nikaamua wajukuu wangoje, kwanza huyu aishi.

"Mama, muite."

"Humo ndani?"

"Humo humo."

Nilitoa sabuni ya unga kwenye rafu na kupangusa vumbi lote, mtu asije kuniambia ni sabuni. Ugoro nilikataa. Mama akambeba mtoto, akavuka ule mlango, akasema, "Tapkigen."

Chafya ilitoka kabla hajamaliza.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Mama aliweka paji la uso kwenye ukuta, akalia kama mtoto. "Ulinilelea wote," akasema, "na mimi sikukuita hata mara moja."

Tulitoka humo, na Jerop akanyonya jikoni hadi akalala. Hospitali bado tulienda, nanyi mtoto akikataa kunyonya mpelekeni, msikae na huu uzi wangu. Kilo zilianza kupanda, na nguo siku hizi zinabaki nilivyoanika.

Nilichojifunza ni kwamba kabla hujavunja na kupaka rangi, uliza nani aliishi hapo, na usikubali jibu la "store tu". Na wenye mila hii, msichague marehemu kama mtu anayechagua pazia. Wanaosahaulika ndio waliotufulia.

Sasa jambo linalonifanya niandike. Mtoto amekua kidogo, na nikiwa sitting room nikimwita Tapkigen, anageuka vizuri, anacheka. Ila hanigeukii mimi. Anageukia mlango wa laundry, na kunyoosha mikono juu, vile mtoto anataka kubebwa.

Mimi mwenyewe ndiye niliyesema aitwe, kwa hivyo siwezi kumfukuza mtu. Lakini kama kuna mzazi humu aliyepitia haya, aniambie ukweli: kuna siku mtoto atanigeukia mimi kwanza?